Pipa Lisilotoa Vumbi

Kwa miaka thelathini na moja Orval Tveit alikuwa na kazi ya kuhakikisha ghala la nafaka la Bascom halilipuki, na halikulipuka. Ni kazi isiyo na sifa, kwa kuwa hakuna anayepigiwa makofi kwa jambo ambalo halikutokea. Wageni hudhani ngano ni mkate tu. Watu wa Bascom, Montana, wanajua kwamba vumbi lake likijaa hewani ndani ya jengo lililofungwa, cheche moja inatosha kuling'oa paa la zege kama kofia kwenye upepo. Kwa hiyo Orval alizunguka na ufagio, mpira wa maji na jicho kali. Aliingia ghalani akiwa kijana mwenye nywele, akatoka akiwa mzee mwenye saa ya ukutani ya zawadi, na katikati hapo alijifunza jambo moja tu kwa uhakika kamili: adui ni vumbi, na dawa ya vumbi ni maji.

Alipostaafu alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake na, tukisema kweli, hakupanda tena. Huko kulikuwa na meza yake ya kujazia risasi. Bunduki ikilia, kichwa cha risasi kinakwenda kinakokwenda, lakini ganda la shaba linabaki, na mtu mwangalifu hulisafisha, hulitia kitakoni fataki mpya, kile kidonge cha kuwashia baruti, hulimiminia baruti, hulikandamizia kichwa kingine, likawa zima tena. Baba yake alifanya hivyo kwa sababu ya umaskini. Orval alifanya hivyo kwa sababu ya baba yake. Alikuwa na risasi za kuwamaliza kulungu wa kaunti nzima na kuwatia wasiwasi wa kaunti jirani, na kila vuli alitumia mbili.

Nyingine zilikwenda kwenye machimbo ya kokoto kila Alhamisi, yeye na rafiki yake Duane Stroh, fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Walipiga makopo kwa saa moja, kisha kwa saa nyingine waliokota maganda, wazee wawili wenye migongo mibovu wakitembea wamekunjika kama watu wanaochuma maharage. Ganda la mwenzio huligusi. Duane alikuwa ameoa mara tatu na hakuwahi kumkunja mtu shati kwa ajili ya mke. Kwa ajili ya ganda, mara mbili.

Ganda lililotoka bunduki ni jeusi. Orval aliyasafisha yake kwa bakuli la umeme linalotetemeka: unalijaza magunzi ya mahindi yaliyosagwa, unayazika maganda humo, unaliacha litetemeke saa tatu, kisha unayachekecha kwa chujio la jikoni ambalo jikoni wamekwisha acha kuliulizia. Ili kupunguza vumbi alitumbukiza humo vile vitambaa vyenye manukato ambavyo mkewe, LaVonne, alikwisha vitumia kwenye mashine ya kukaushia nguo. Hakuhitaji kwenda mbali kuvipata. Mashine ya nguo ilikuwa kushoto kwa bakuli, umbali wa mkono, na katikati kulikaa kapu la nguo safi.

Mwaka ule nusu ya nguo kapuni zilikuwa za Brynn.

Brynn alikuwa mjukuu wao, hajatimiza miaka mitatu. Mama yake, Janelle, alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Billings, na tangu aachane na mumewe, Trent, alimleta mtoto Jumapili jioni na kumchukua Ijumaa. Alikuwa mtoto wa vitu vinavyong'aa. Midoli aliyonunuliwa aliiacha kifudifudi sakafuni, akaenda kukaa chini ya meza na kijiko, akijitazama usoni. Alipoita "Babu!" Orval, mtu ambaye wakubwa zake ghalani walimwita mara tatu kabla hajageuka, alikuwa amekwisha simama.

Mwanzoni mwa Septemba mtoto alipimwa damu, kipimo cha kawaida cha watoto. Jibu likaja na namba moja: kumi na nne. Ilitakiwa isifike nne. Ni madini ya risasi, alisema daktari kwenye simu, yameingia mwilini kwa mdomo au kwa pumzi, na kwa mtoto wa umri huo yanakwenda kukaa kichwani.

Siku tatu baadaye akaja nesi wa kaunti, Marva Pruitt, mwanamke mwenye buti za shamba na sauti ya kuzoea mbwa wa watu. Alikaa jikoni, akakataa kahawa, jambo ambalo LaVonne alilichukua kama dalili mbaya.

"Nyumba ilijengwa lini, Bwana Tveit?"

"Themanini na mbili. Niliijenga mwenyewe."

"Basi si rangi ya zamani, ile iliyokuwa na risasi ndani. Kuna mtu hapa anapiga bunduki?"

LaVonne alicheka. "Mwanangu, hapa ni Bascom."

"Kuna anayejaza risasi zake mwenyewe?"

Ikumbukwe kwamba Orval alikuwa ameoa kwa miaka arobaini na nne, na katika muda huo hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alinyanyuka. Alimshusha nesi chumba cha chini kama mtu anayemwingiza mgeni kwenye maktaba. Akamwonyesha mikebe iliyopangwa kwa ukubwa, mizani inayopima hata unywele, daftari la tangu enzi za baba yake. Mwisho, ili picha ikamilike, akaliwasha bakuli.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa likiingia kwa dirisha dogo la juu, mwale mmoja ulionyooka, na bakuli lilipoanza kutetemeka mwale ule ukajaa vumbi. Lilipanda polepole, likageuka kushoto, likaelea juu ya kapu la nguo, likatua.

Orval alilitazama. Miaka thelathini na moja. Akanyoosha mkono, akazima.

"Ile fataki ina madini ya risasi ndani yake," alisema nesi Pruitt, kwa upole ambao haukutarajiwa kutoka kwa buti zile. "Ikilipuka, jivu linabaki kwenye ganda. Hiki chombo chako kinalikung'uta, Bwana Tveit. Halafu mashuka ya mtoto yako hapo."

"Naona," alisema Orval.

"Hukujua."

"Mimi?" alisema Orval. "Mimi kazi yangu ilikuwa vumbi."

Janelle alikuja Ijumaa hiyo hiyo na hakuvua koti. Alikuwa amerithi taya la baba yake, ila yeye alilitumia.

"Atapimwa Oktoba, halafu Januari," alisema. "Ya Januari ikiwa chini, anabaki kuja. Isiposhuka, nampeleka kwa mama yake Trent, mbali kule Spokane, na mimi nahamia huko. Sina njia nyingine, Mama, nisikilizeni vizuri. Sitaki kulia na sitaki keki."

"Mama yake Trent anavuta sigara kama bomba la treni," alisema LaVonne.

"Sigara haimo kwenye kipimo."

"Itashuka," alisema Orval.

"Utafanya nini, Baba?"

"Nitaondoa vumbi."

Tusimwonee mtu: aliliondoa. Bakuli na magunzi yake vilikwenda kwenye dampo la kaunti vimefungwa mara tatu. Meza ya kujazia ilihamia karakana, nje, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Chumba cha chini kilipigwa deki mara sita, kuta na dari, kwa namna ambayo mkaguzi wa ghala angetokwa na machozi. Nguo za kazi zilibaki karakana, viatu vilibaki karakana, na kabla ya kumshika mtoto alinawa mpaka viwiko kama daktari wa upasuaji. Brynn alifikiri ni mchezo, akawa naye ananawa.

"Si uache tu?" alisema LaVonne akiwa ameshika ndoo.

"Niache nini?"

"Hayo maganda."

Orval alimwangalia kwa mshangao wa kweli, kama aliyeshauriwa kuacha magoti. "Tatizo si maganda, LaVonne. Tatizo ni vumbi. Ukisafisha kwa maji hakuna vumbi. Kuna mapipa ya kuzunguka, unatia maji na sabuni, unafunga kifuniko. Hakitoki kitu. Hata harufu haitoki."

"Sawa. Basi nunua, yaishe."

Hapo ndipo alipokuwa hamjui mumewe, au alimjua na akasahau kwa uchovu. Orval hakuwa mtu wa kununua. Orval alikuwa mtu wa kuchagua. Mashine ya kukata nyasi ilimchukua misimu miwili, nyasi zikafika madirishani. Sasa alifungua daftari jipya, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza neno "PIPA", akapiga mstari, na Septemba ikaisha.

Lilikuwapo pipa dogo la kubeba maganda mia mbili, na pipa kubwa la kubeba elfu. Lilikuwapo la plastiki tupu, na lililovishwa mpira ndani. Lilikuwapo la mviringo, na lenye pembe sita, ambalo maganda hayatelezi ubavuni bali yanapanda na kuanguka, kupanda na kuanguka. Yapo yaliyoendeshwa kwa mkanda unaokatika na yapo yaliyoendeshwa kwa meno yasiyokatika lakini yakikatika basi tena. Alisoma maoni ya watu wasiojulikana walioandika kwa hasira kutoka majimbo asiyopanga kuyatembelea. Kila asubuhi alimpigia Duane.

"Chukua kubwa," alisema Duane.

"Kubwa likijaa maji lina uzito wa ndama. Mgongo?"

"Mgongo utauma hata ukibeba kijiko, mzee. Bora uume kwa sababu."

"Na kelele?"

"LaVonne si anakoroma? Hutasikia."

"Lenye mpira ni kimya."

"Basi chukua lenye mpira! Mungu wangu, Orval, mke wangu wa pili nilimchagua kwa dakika kumi na tano."

"Na yuko wapi?"

"Haya," alisema Duane. "Tuendelee na mpira."

Swali gumu lilikuwa la sindano. Mapipa haya huuzwa na mfuko wa sindano ndogo za chuma, nyembamba kama punje ya mpunga, zinazoingia hata kwenye tundu la fataki na kulisugua. Ganda linatoka kama limezaliwa jana. Lakini sindano hujificha ndani ya maganda, humwagika, huviringika chini ya kabati. Orval alimfikiria Brynn, ambaye kila kilichong'aa alikionja. Akaandika: "Bila sindano." Uamuzi sahihi.

Baadaye likaja swali la fataki zilizokwisha lia. Wengine huzing'oa kwanza, kisha huosha, ili maji yapite pande zote mbili. Lakini kuzing'oa ni kushika ganda chafu moja moja kwa vidole, na kila moja likigongwa linadondosha jivu mezani. Jivu ni vumbi. Orval akaandika: "Osha na fataki zake ndani. Ng'oa baadaye, likiwa safi." Uamuzi sahihi huo nao. Mtu akilichukua daftari lile akalisoma leo, hataona mstari mmoja aliouandika bila kumfikiria mtoto.

Oktoba Brynn alipimwa. Tisa.

LaVonne alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa aproni. Janelle alisema "Sawa" kwenye simu, kisha tena "Sawa," kisha akakata ili asilie mbele ya mtu. Orval aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona hesabu yake imekubali. Ukweli ni kwamba wiki tano zile hakusafisha ganda hata moja, kwa sababu hakuwa na cha kusafishia, kwa sababu hakuwa amechagua. Kila siku aliyositasita juu ya mkanda na meno, damu ya mtoto ilikuwa ikijisafisha yenyewe. Angekuwa mzito zaidi kidogo wa kuamua, mzito kama alivyokuwa kwa ile mashine ya nyasi, habari hii isingekuwa na la kusimulia.

Wiki ya kwanza ya Novemba pipa lilifika. Pembe sita, mpira ndani, ukubwa wa kati, mota ya kimya. Alilifunga karakana na Alhamisi Duane akaja kulitazama likizunguka, kofia mkononi. Lilizunguka kwa saa nne. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa ya msibani. Orval hakuyamwaga ovyo; aliyatia kwenye ndoo yenye kifuniko na maandishi, na ndoo ikapelekwa kwenye taka za sumu za kaunti. Yule kijana wa taka alisema hajawahi kuona mtu akileta.

Na maganda! Duane aliliinua moja kwenye mwanga. "Hili," alisema, "unaweza kumvisha mtu kidoleni."

"Wewe ndiye wa kusema hivyo."

"Mimi nimevisha wengi."

Yalibaki maji ndani. Nje palikuwa na nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, na ndani ya karakana nyuzi tano chini. Maganda yaliyoanikwa kwenye taulo yaliganda yakashikana kama kashata. Fataki zilizobaki kitakoni zilikuwa zimenasa kila moja tone lake la maji yale meusi, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

"Oveni," alisema Duane. "Trei ya biskuti, moto mdogo kabisa, saa moja. Sote tunafanya hivyo. Ila mke asiwepo, wanalichukulia vibaya."

"Kuna shida gani? Yameoshwa."

"Ndiyo maana nasema. Yameoshwa! Lakini mwambie mwanamke."

Jumanne za Novemba akina mama wa kanisa la Kilutheri hukaa kwenye chumba cha chini cha kanisa kusukuma mikate ya viazi ya Krismasi, na LaVonne alikuwa mwenye mwiko mrefu wa kuigeuzia. Alimchukua Brynn kwa ajili ya kupendwa. Jumanne hiyo, na ya pili, na ya tatu, Orval alivua viatu mlangoni, akanawa mpaka viwiko, akabeba maganda yake yanayong'aa ndani ya beseni safi mpaka jikoni, akayasimamisha kwenye trei, mistari iliyonyooka, kitako chini. Aliwasha moto mdogo kabisa. Alikaa kwenye stuli na daftari. Nyumba ilikuwa kimya na yenye joto, na alikuwa, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka, na furaha.

Alipoyaondoa, palikuwa na alama kwenye trei. Viduara vidogo, vyeusi hafifu, kama vikombe vya wanasesere vimewekwa hapo na kuondolewa. Alivifuta kwa kitambaa. Vingi vilitoka.

"Trei zangu zina nini?" LaVonne aliuliza mwanzoni mwa Desemba, akiinamisha moja dirishani.

"Labda siagi."

"Siagi gani inaungua duara?"

"Nitakusugulia."

"Usiniguse trei, wewe utaichagulia brashi mpaka Pasaka." Akazisugua mwenyewe, akazipaka siagi, na Desemba yote akaoka: biskuti za mdalasini, za iliki, za umbo la nyota. Brynn alisimama kwenye kiti karibu naye, uso umejaa unga, na trei ilipopoa alipewa aikwangue makombo kwa vidole. Orval alipita, akachukua nyota moja, akasema nzuri. Mfukoni mwa koti alikuwa na ganda moja la kumwonyesha Duane. Brynn aliliona likichungulia.

"Dhahabu, Babu."

"Siyo ya kushika hii," alisema Orval, akalisukuma ndani. Akanawa.

Kipimo cha Januari: kumi na saba.

Wa kwanza kusema kitu alikuwa LaVonne, na alichosema ni, "Wamekosea chupa." Hawakuwa wamekosea chupa. Walipima tena. Kumi na saba.

Nesi Pruitt alirudi na vitambaa vyake vya kufutia, kila kimoja na kibahasha chake. Alianza karakana. Alifuta meza, sakafu, kitasa, soli za viatu, pipa lenyewe. Orval alimfuata nyuma akiwa na daftari, akijibu kabla ya kuulizwa: pipa lenye mpira, bila sindano, fataki ndani, maji kwenye ndoo, ndoo kwenye taka.

"Bwana Tveit," alisema nesi, "nimeingia majiko ya makanisa yaliyo machafu kuliko hii karakana."

"Basi ni nini?"

"Sijui." Alisimama katikati ya sakafu, akageuka. "Ulisema mnayaosha. Mnayakaushia wapi?"

Orval alifungua mdomo. Baadaye alijaribu kukumbuka kama alilijua jibu kabla ya kulitamka au baada, na hakupata uhakika. Ilikuwa kama mwale wa dirisha lile, ila safari hii hapakuwa na vumbi la kuonekana, hapakuwa na kitu cha kuzima.

"Maji," alisema. "Yalikuwa ni maji tu."

"Wapi, Bwana Tveit?"

Majibu ya vitambaa yalichukua wiki moja. Karakana, karibu na sifuri. Oveni, mbaya. Trei, mbaya sana. Nesi aliyasoma kwa simu, taratibu, na LaVonne alisikiliza kwenye spika akiwa amesimama. Alipokata, LaVonne hakupiga kelele, ingawa Orval alikuwa amejiandaa kwa kelele na angezishukuru.

"Makombo," alisema. "Nilikuwa namwachia makombo. Nilidhani namfurahisha."

"Mimi ndiye—"

"Najua ni wewe. Nilikuwepo nikisugua." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiangalia, akaitia kwenye pipa la taka. "Siku zote hizo umekuwa ukinawa mikono, Orval. Mpaka viwiko. Nilikuwa nawaambia akina mama kanisani, mtazameni mume wangu anavyonawa."

Orval alifanya alichojua, nacho ni kuondoa. Siku mbili alibeba. Trei, chujio, miiko, unga, sukari, kila kilichopita oveni ile. Kisha oveni yenyewe, yeye na Duane, kwa kamba na laana, mpaka nje kwenye theluji ya mbele ya nyumba, kwa sababu mgongo wa Orval ulifika hapo ukasema basi. Duane, aliyesema oveni, aliyekuwa na majibu ya kila kitu, alisimama akipumua mvuke.

"Mimi yangu nimeyakaushia kwenye oveni miaka kumi," alisema hatimaye. "Ila kwangu hakuna mtoto."

"Una wajukuu wanne."

"Wanakuja Krismasi tu." Akavaa glavu, akavua. "Ngoja nimpigie simu Tammy, mama yao," alisema, akaenda kwenye pikapu yake karibu mbio.

Janelle alikuja Jumamosi. Alikuta oveni imesimama kwenye theluji na mlango wake wazi, na ndani yake theluji imeanza kukaa kwenye rafu. Aliitazama kwa muda.

"Nimeitoa," alisema Orval.

"Naona, Baba."

"Vyote nimetoa. Meza, pipa, baruti, Duane anavichukua kesho. Bunduki zote. Hakuna kitu. Njoo uone chumba cha chini, njoo karakana, leta nesi afute popote anapotaka—"

"Baba."

"Itashuka. Ilishuka mara ya kwanza. Ukimwacha mwezi mmoja tu—"

"Naamini itashuka," alisema Janelle. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na wazee kutwa, akiwaambia chakula kiko tayari. "Naamini umetoa vyote. Septemba ulitoa vyote vilevile ukabakiza kimoja. Sina ubaya na wewe. Ila siwezi kumweka mtoto wangu mahali ambapo usalama wake unategemea wewe kuchagua vizuri."

Orval alitafuta jibu la hilo. Alikuwa na tabia ya kutafuta.

LaVonne alikuwa amepanga nguo za mtoto kwenye mifuko, zilizofuliwa mara mbili kwa jirani. Ilibaki kuzibeba. Orval alibeba mifuko, akabeba kiti cha mtoto, akaanza kukifunga nyuma ya gari, na mikono iliyoweza kukandamiza kichwa cha risasi kwa usahihi wa unywele ikashindwa kupata tundu la mkanda. Janelle alimsogeza kwa bega, akaufunga kwa mlio mmoja.

Brynn alitolewa amevaa koti jekundu lililomfika magotini. Alikuwa mchangamfu, alidhani ni Ijumaa. Orval alimbeba kwa hatua zile kumi na mbili mpaka kwenye gari, akamkalisha, na alipokuwa akimpitishia mkono kwenye kamba ya bega aliona ngumi imefungwa.

"Una nini humo?"

Brynn alificha ngumi kifuani, akacheka.

"Nionyeshe Babu."

Alifungua kidole kimoja, akafunga. Ganda liling'aa. Lilikuwa limetoka kwenye mfuko wa koti la Orval lililotundikwa mlangoni, koti pekee ambalo hakulitupa kwa kuwa alikuwa amelivaa wakati wote wa kutupa. Lilikuwa zuri. Pipa lile lilikuwa limefanya kazi yake kwa namna ambayo hakuna bakuli la magunzi lingeweza. Maganda ya zamani, yenye rangi ya chai, mtoto hakuwahi kuyatazama.

Mdomo wa Brynn ulikuwa na unyevu, na ncha ya ganda pia.

"Lete," alisema Orval.

"Langu."

"Lete, mpenzi. Si la mtoto."

Hakuleta. Ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja, na vilikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia, na alipofika kidole cha mwisho Brynn alikuwa ameanza kulia, si kilio cha hila, bali kile cha mtu aliyeibiwa na mtu aliyemwamini. Janelle aliona kilichotoka. Alimfuta mtoto mikono, akamfuta mdomo, kwa kitambaa kilicholowa, mara mbili, akafunga mlango.

Gari lilirudi nyuma, likaipita oveni, likashika barabara ya ghalani. Kupitia kioo uso mwekundu ulikuwa bado umefunguka wote kwa kulia, na haukumwangalia yeye bali mkono wake.

LaVonne alirudi ndani. Orval alibaki amesimama. Baada ya muda alikumbuka kwamba ameshika kitu. Na kwa kuwa mikono huendelea na kazi yake hata pale mwenyewe anapokuwa hana la kufanya, aliliinua ganda kwenye mwanga, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda kuangalia kama lina ufa.

Halikuwa na ufa. Lingeweza kutumika tena.